Mama anauliza: moshi wangu ni kiasi gani?

Vijana wenzetu wa Katoyi, wa Majengo, wa Ndosho, wa Birere, na nyinyi wote munaotusoma mukiwa mjini au mbali,

Mumezoea kutuona tukiandika juu ya maji, juu ya barabara, juu ya usalama. Leo tunaandika juu ya hewa. Na niseme mapema: siandiki nikiwa nje ya hii kesi. Niko ndani.

Mama yangu anauza makala. Banda lake liko kwenye mlango wa parseli yetu, Katoyi, kwenye avenyu ambayo haijawahi kuonja lami. Gunia likifika analigawa kwa ndoo na kwa vifuko, na yule asiye na franga za ndoo anachukua kifuko cha kupikia mara moja. Minervali yangu, kuanzia sekondari mpaka chuo, ilitoka katika hayo makala. Kwa hiyo mukisikia mtu anasema «wamama wa makala wanatuua na moshi», mujue anaongea na mimi pia.

Kiangazi hiki mtoto wa dada yangu, wa miaka mitatu, alikohoa wiki tatu mfululizo. Usiku ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Tulimpeleka kwenye kituo cha afya, munganga akasikiliza kifua, akasema: «Ni vumbi tu. Mumupe siro.» Jirani yetu, mzee aliyekimbia lava mwaka 1977, akakimbia tena 2002 na tena 2021, hakukubali: «Haiko vumbi. Ni volkano. Hamuone vile usiku kule juu iko nyekundu?» Motari mmoja anayepaki mbele ya banda akaonyesha magunia: «Mama, samahani, lakini mutoto analala pembeni ya makala. Munatafuta nini tena?» Na dada yangu mwenyewe analaumu wale wanaochoma plastiki kila jioni kwenye kiwanja nyuma ya nyumba.

Mama alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu, tukifunga banda, akaniuliza: «Wewe ulisoma. Uniambie. Mu kifua ya ule mutoto, moshi yangu ni kiasi gani?»

Mtoto alipona, asante Mungu. Swali ndilo lilibaki, na mimi niliyesoma nilijibu kama mtu asiyesoma: «Mama, sijui.»

Tuanze na kitu chenyewe. Hewa tunayovuta inabeba chembechembe ndogo sana. Zile zinazotisha zaidi wataalamu wanaziita PM2.5, maana upana wake hauzidi mikroni 2.5. Chukua unywele mmoja wa kichwa chako: kwa upana wake unaweza kupanga chembe kama hizo 20 na zaidi. Vumbi kubwa linakamatwa na pua na koo, unapiga chafya, unatema, linatoka. Hizi ndogo zinapita, zinashuka mpaka chini kabisa ya mapafu, na zilizo ndogo kuliko zote zinaingia hata kwenye damu. Ndiyo maana zinahusishwa na kikohozi na pumu, lakini pia na moyo, na kiharusi, na watoto wanaozaliwa na uzito mdogo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kipimo chake: wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Kabla ya hapo ilikuwa 10.

Sasa, kuna njia mbili za kupima, na watu wengi wanazichanganya.

Ya kwanza ni kifaa kidogo cha mwanga, unaweza kukishika kwa mkono mmoja. Ndani yake kuna leza inayoangaza chembe zinazopita, na kifaa kinakadiria uzito wake kwa jinsi mwanga unavyotawanyika. Bei yake si ya kutisha, na kinatoa namba kila dakika. Hivyo ndivyo Kinshasa ilivyopimwa: watafiti walitangaza mwaka 2021 kwamba wastani wa huko, katika muda waliopima, ulikuwa mikrogramu 43.5. Hesabuni wenyewe ni mara ngapi ya 5. Kampala, wenzetu wa Chuo Kikuu cha Makerere walianza mwaka 2015 kutengeneza vifaa vya aina hiyo wao wenyewe, mradi unaoitwa AirQo, wakavifunga juu ya nguzo na hata juu ya pikipiki za bodaboda. Hiyo kazi ninaisifu bila kusita, na ninaona wivu kidogo.

Lakini kifaa cha mwanga kina mipaka. Kinakuambia hewa ni nzito, hakikuambii imebeba nini. Kwa kifaa hicho, mikrogramu 40 za vumbi la jiwe na mikrogramu 40 za masizi ni karibu kitu kimoja. Usiku wenye ukungu kutoka ziwani, matone ya maji nayo yanaweza kukichanganya. Ukikiweka Katoyi kesho asubuhi, jioni kitatupa namba mbaya, wote tutashangaa, na munganga, mzee, motari na dada yangu kila mmoja atasema: «Munaona? Nilisema.»

Njia ya pili ni ya polepole na ndiyo ninayoidai hapa. Unaweka pampu juu ya paa. Ndani yake kuna filta nyeupe, ya mviringo, ndogo kuliko kiganja cha mtoto. Pampu inavuta hewa saa 24, lita 16.7 kila dakika, kwa hiyo mita za ujazo 24 kwa siku. Kama hewa ina mikrogramu 40, basi mwisho wa siku filta imekamata karibu miligramu moja, sawa na chembe chache za chumvi. Unaweza kudhani haina maana, lakini maabara inaisomesha hiyo miligramu moja. Kwanza wanaipima uzito kwa mizani ambayo inahisi hata jasho la kidole. Kisha wanaipiga eksirei, na kila elementi inajibu kwa alama yake: chuma, silikoni, kalisi, zinki, risasi. (Risasi ile madini, siyo ile tunayoisikia usiku.) Kipande kingine kinaoshwa kwa maji safi ili kupata salfeti, nitreti na amonia. Filta ya pili, ya kwatsi, inapashwa moto hatua kwa hatua ili kutenganisha kaboni nyeusi ya masizi na kaboni nyingine inayotoka katika kuni, mafuta na takataka. Ukifanya hivyo siku moja, umejua siku moja tu. Ukirudia mara kwa mara mwaka mzima, kiangazi na masika, ukaandika na upepo ulitoka wapi, unaanza kuweza kusema: sehemu hii ni barabara, hii ni jiko, hii ni injini, hii ni mlima.

Kwa nini hiyo inatuhusu sisi kuliko miji mingine? Nitataja moja baada ya nyingine, muone vile tumejaa.

Tuko na volkano mbili zilizo hai jirani. Nyiragongo iko chini ya kilomita 20 kutoka mjini, Nyamulagira iko nyuma yake. Zote mbili zimo kati ya zile zinazotoa gesi ya salfa kwa wingi duniani. Hiyo gesi ikikaa angani inageuka kuwa matone ya asidi na chembe za salfeti, yaani gesi inazaa PM2.5. Mwezi wa kwanza 2010, Nyamulagira ilipolipuka, watafiti walipima mvua ya eneo letu na kuona jinsi moshi wa volkano unavyoingia kwenye maji, floraidi ikiwa ndani. Na sisi hiyo mvua tunaikinga kwa bati na kuinywa. Mwezi wa tano 2021, baada ya lava ya tarehe 22, majivu yalituangukia juu ya nguo zilizoanikwa, nani amesahau? Lakini mzee wangu jirani asifurahi haraka: siku nyingi upepo unasukuma moshi wa volkano upande wa magharibi, kuelekea Masisi, na sisi tuko kusini. Kuna siku unatufikia, kuna siku unatupita mbali. Siku zipi, na kiasi gani? Paa na filta ndivyo vitasema.

(Wengine watauliza kama hii ndiyo mazuku. Hapana. Mazuku ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini na kulala mabondeni, haina chembe wala rangi, inaua kwa dakika chache. Hiyo ni habari nyingine, na kila mtoto wa Goma anajua kukaa mbali nayo.)

Tuko na mji uliojengwa juu ya lava, na lava hiyo kila siku inasagwa. Wamama wanagonga mawe kuwa kokoto kwa nyundo, magari yanapita juu ya avenyu zisizo na lami, chukudu na mapikipiki yanamalizia. Kiangazi, mwezi wa saba, Katoyi unaona kabisa vumbi jeusi likikaa kwenye majani ya sombe. Tuko na maelfu ya pikipiki na magari yaliyozeeka nchi nyingine kabla ya kuja kuzeeka tena kwetu. Tuko na jenereta zinazonguruma kila umeme ukikatika. Tuko na takataka ambazo hakuna anayekuja kuzichukua, kwa hiyo tunazichoma, vifuko, chupa, viatu na yote. Na juu ya hayo yote, tuko na makala.

Hapa ndipo nilijifunza kitu kilichonishangaza. Katika nchi nyingi, wakikuta potasiamu nyingi kwenye filta wanasema: hii ni alama ya kuni. Ni kanuni ya zamani na inafanya kazi vizuri huko. Lakini lava ya Nyiragongo ni ya aina adimu duniani, ina silika kidogo, na ina sodiamu na potasiamu kwa wingi. Maana yake vumbi la avenyu yetu lenyewe lina potasiamu. Mtaalamu akija na kanuni ya kwao bila kupima kwanza udongo wa hapa, ataondoka na ripoti safi yenye picha za rangi inayosema moshi wa kuni na makala ni mkubwa sana, kumbe sehemu yake ni barabara. Mama yangu atakuwa amehukumiwa na jiwe.

Kuna njia ya kukwepa huo mtego. Moja ni kutafuta levoglukosani, aina ya sukari inayozaliwa kuni au majani yakiungua. Volkano haiwezi kuitoa, wala jiwe. Lakini hata hiyo ina ujanja wake: makala yalishaunguzwa mara moja kule porini, kwa hiyo yakiwaka jikoni yanatoa kidogo tu ya hiyo sukari kuliko kuni zenyewe. Ukiitegemea peke yake, sasa utamwachilia mama bure, na hilo nalo ni kosa. Inabidi kuchukua mavumbi ya Katoyi, masizi ya jiko la makala, moshi wa pikipiki, majivu ya plastiki, kila kimoja kipimwe peke yake kwanza, kama vile unavyochukua alama za vidole za wote waliokuwa nyumbani kabla ya kumtafuta mwizi. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu asiyejua Katoyi.

Sasa munielewe kwa nini kijana wa harakati anahangaika na kemia.

Kila chanzo kina mwenye ufunguo wake. Ikiwa vumbi la barabara ndilo linaongoza, anayepaswa kujibu ni yule anayekusanya kodi ya barabara bila kuweka lami, na hata kumwagilia maji kiangazi tu kungekuwa kitu. Ikiwa ni plastiki, ajibu anayetoza taksi ya usafi sokoni huku takataka zikilala palepale. Ikiwa ni injini, tuulize mafuta gani yanauzwa humu na nani anayakagua. Ikiwa ni makala, swali linakuwa la umeme: kituo cha Matebe, kule Rutshuru, kilifunguliwa mwisho wa 2015 na kinaweza kutoa karibu megawati 13, waya zinapita juu ya vichwa vyetu, lakini kupika kwa umeme Katoyi bado ni hadithi ya wenye pesa. Na ikiwa ni mlima, hakuna wa kushitaki, ila kuna la kufanya: watu wa OVG, wanaofuatilia gesi yake katika hali ngumu, wapewe njia ya kutuambia asubuhi «leo upepo unakuja mjini, funikeni matangi ya mvua, watoto wenye pumu wabaki ndani».

Bila kipimo, mwenye ufunguo hajulikani, na asipojulikana lawama inashuka kwa aliye chini kabisa. Hiyo ndiyo kawaida. Mkubwa akitaka kukwepa atasema «ni volkano, ni kazi ya Mungu». Akitaka kuonekana anafanya kazi, atatuma watu waje kufukuza wamama wa makala na wale wa kokoto. Mama yangu analipa kila kitu juu ya gunia: usafiri, taksi, na vizuizi vyote njiani ambavyo wote tunavijua. Yeye ndiye wa mwisho kwenye mnyororo mrefu, na ndiye wa kwanza kuonekana.

Si kwamba nabuni hatari ya kubahatisha. Angalieni Nairobi. Watafiti walikusanya filta huko kati ya 2008 na 2010, wakazichambua, wakachapisha mwaka 2014. Wastani wa PM2.5 ulikuwa mikrogramu 21. Na ndani yake? Vumbi la udongo pamoja na magari vilichukua karibu asilimia 74. Mtu anayesimama Nairobi na kuona moshi wa kuni au bomba la kiwanda angeweza kuapa kwamba jibu liko pale. Lakini namba za Nairobi ni za Nairobi. Hawana Nyiragongo. Hatuwezi kuazima asilimia zao kama tunavyoazima chumvi kwa jirani.

Na jina la kitu lina nguvu kuliko uzito wake. Wakumbukeni wale waliopigania kuondoa risasi kwenye petroli. Petroli yenye risasi ilikuwa inawasha gari vizuri, moshi wake haukuonekana mbaya kuliko mwingine. Ni kwa sababu maabara zilitaja hiyo madini kwa jina, hewani na katika damu ya watoto, ndipo nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar mwaka 2001 na kukubaliana kuiondoa kufikia mwisho wa 2005. Kama wangepima uzito wa vumbi peke yake, tungekuwa bado tunajaza hiyo petroli kwenye tanki.

Mutaniambia: maabara kama hizo ziko mbali. Haziko mbali kama munavyofikiri. Upande wa pili wa mpaka, juu ya mlima Mugogo, kaskazini magharibi mwa Rwanda, kuna kituo kinachopima kaboni nyeusi, na vipimo vyake vinaonyesha jinsi kiangazi kinavyoleta moshi wa mioto kutoka sehemu kubwa ya kanda yetu. Mwaka 2018 watafiti walichapisha vipimo vya Rwanda, mjini na vijijini, vya zile kemikali zinazotoka katika vitu visivyoungua vizuri, ambazo baadhi yake zinaleta kansa. Bujumbura imeingia katika mtandao wa kimataifa wa SPARTAN, ambao kazi yake ni hiyohiyo ya filta na kemia. Sisi tuko katikati yao, na Chuo Kikuu cha Goma na ULPGL viko na vijana wa sayansi na wa afya wanaomaliza kila mwaka na kuishia kuuza yuniti za simu. Tunachokosa siyo akili.

Tusisubiri pia mzungu atupimie na kutuwekea namba kwenye simu. Kwa miaka mingi balozi za Marekani, ya Kinshasa ikiwemo, zilipima hewa na kutangaza namba wazi, na miji mingi ya Afrika ilizitegemea. Mwezi wa tatu 2025 Washington ikaamua kuacha kuzitangaza, na siku hiyohiyo mtu wa mji husika akabaki kama sisi, anatazama mbingu. Kitu cha kuazimwa kinarudishwa.

Sasa lile swali gumu. Kuna ndugu watasema: watu wanakufa kwa bunduki, benki zimefungwa, nyinyi munakuja na kemia ya vumbi? Nalisikia, na silidharau. Nilikuwa hapa mwezi wa kwanza 2025 vita ilipoingia mjini. Lakini mukumbuke vilevile kilichotokea kwenye hewa siku zile: umeme ulikatika, maji yakakatika, na mji ukarudi kwenye makala, kuni na jenereta. Mama hakuwahi kuuza haraka vile, na kila nyumba ilikuwa imefungwa madirisha juu ya hofu, jiko likiwa ndani. Vita na moshi haviko katika madaftari mawili tofauti. Na kifua cha mtoto hakingoji mazungumzo yaishe ili kianze kuumwa.

Uwanja wa ndege ulifungwa, ni kweli, na vifaa vikubwa ni shida. Filta lakini ni nyepesi kuliko barua. Ukiifunga vizuri kwenye kisanduku chake, ukaitunza kwenye baridi, inavuka Petite Barrière ndani ya mfuko wa mtu na kufika maabara.

Tunachodai ni kwamba pampu za filta ziwekwe mahali pasipopungua patatu kwa mwaka mzima: moja Katoyi, katikati ya maisha ya watu, moja karibu na ziwa, upande wa Himbi, ambako parseli ni kubwa na lami ipo, na moja nje ya mji, ili tujue hewa inakuja na nini kabla ya sisi kuongeza ya kwetu. Tofauti kati ya Katoyi na nje ya mji ndiyo itatuonyesha mchango wa mji. Na tofauti kati ya Katoyi na Himbi, nadhani, itakuwa ya kisiasa kabisa. Matokeo yatangazwe wazi, kwa Kiswahili, kwenye redio, siyo kufungiwa kwenye semina ya hoteli. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na inampa pia wajibu wa kuyatetea. Yeyote anayeshika mji huu leo au kesho, ametoka wapi na kwa njia gani, hilo halimuondoi kwenye hesabu. Na mpaka filta zisome, mtu yeyote asiguse banda la mama kwa kisingizio cha hewa.

Kuna sharti moja ambalo tunajiwekea wenyewe, na katika mkutano wetu wa juma lililopita lilileta kelele. Tukipima, tukakuta makala ndiyo yanaongoza, tutasema. Hatutaficha kwa sababu wauzaji ni mama zetu. Mwenzetu mmoja alisema tutakuwa tumewapa wakubwa fimbo ya kutupigia. Inawezekana. Lakini hatuwezi kudai ukweli kwa masharti kwamba uwe mzuri kwetu. Wakubwa ndivyo wanavyofanya. Tukikuta makala yanaongoza, tutakwenda na hiyo karatasi kwa wenye umeme na kuwauliza bei ya kupika chungu kimoja cha maharagwe.

Nilimsomea mama sehemu hii kabla ya kuituma. Alisikiliza huku akihesabu vifuko. Hakuuliza habari ya eksirei wala potasiamu. Aliuliza hiyo mashini inakula umeme kiasi gani, inapiga kelele usiku ao hapana, na kama wezi wataitaka. Nikamweleza kwamba inahitaji paa imara, mbali kidogo na jiko lolote, mahali hewa inapita, na mtu mwaminifu wa kubadilisha filta na kuandika saa.

«Banda yangu haifai,» akasema, «iko karibu sana na makala, itanionea. Muulize yule mzee wa volkano. Nyumba yake iko na paa ya muzuri, na tena hata yeye anataka kujua.»

Kesho nitaenda kumuuliza. Nyinyi wa Himbi na wa nje ya mji, munaoweza kutoa paa, tuandikieni.